Udongo wa Nyanga

Nilipoletewa habari kwamba bomu limemtoa baba yangu kaburini, nilikuwa nimelala chali chini ya ndege ya kivita, nakaza nati za ndoano zinazoshika mabomu. Ilikuwa wakati wa Vita vya Kagera, nami nilikuwa fundi katika kambi iliyo ng'ambo ya ziwa. Niliendelea kukaza. Ningeacha, ningempiga kwa ile spana aliyeniletea habari, na yeye hakuwa na kosa.

Sisi Wahaya hatuwapeleki wafu wetu mbali. Tunawazika kibanjani, kati ya migomba, wabaki nyumbani. Tata, baba yangu, alikuwa amelala pale kijijini Nyanga miaka mingi. Ndege ya adui ilikuja mchana, ikakosa ilichokifuata, ikamwaga mzigo wake nyuma ya nyumba yetu. Hakufa mtu. Jirani mmoja aliniambia nimshukuru Mungu kwa hilo. Nilimchukia jirani yule, na bado namchukia.

Nilipewa ruhusa, nikapanda meli hadi Bukoba. Mama alikuwa amekimbilia Ijumbi kwa kaka yake, akarudi tukakutana nyumbani. Kaburi lilikuwa shimo. Rozari tuliyomzika nayo Tata ilikuwa inaning'inia kwenye jani la mgomba. Tuliokota tulichoweza kuokota, tukamzika upya. Mama hakulia. Alibabua jani la mgomba motoni lisipasuke, akachota udongo wa lile shimo, akaufunga kama anayemfungia mtu chakula cha safari.

"Mwana wange, si wewe unayeyafunga yale mabomu?"

"Ni mimi, Mae."

"Basi udongo huu uende na moja. Waambie Tata anawasalimia."

Nilicheka, na kilikuwa kicheko kibaya.

Kambini, udongo ni adui wa fundi. Tulishinda tukifuta vumbi na mchanga, maana uchafu ukiingia kwenye ndoano, bomu linakataa kuachia. Niliulainisha udongo wa Tata kwa mafuta kidogo, nikaupaka tumboni mwa bomu, mbali na ndoano, taratibu, bila kuacha hata punje kwenye jani. Sajini wetu akaja kunisimamia.

"Uchafu gani huo?"

"Ni kaburi la baba yangu, Afande."

Alilitazama bomu, akanitazama mimi, kisha akaenda kukagua matairi.

Ndege ilirudi ndoano zikiwa tupu. Nilimfuata rubani kabla hajavua kofia, nikamuuliza bomu limeangukia wapi. Alisema wingu lilitanda, walichotumwa kukipiga hawakukiona, hivyo aliliachia juu ya migomba. Nilifurahi. Sitafuti maneno laini: nilifurahi mpaka chakula kikanishinda. Migomba kwa migomba!

Vita vilipokwisha nilimkuta Mama kule Nyanga, akipanda migomba mipya kuzunguka kaburi. Aliniketisha, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni, naye akatia punje zake mdomoni. Nikamweleza habari niliyokuwa nimemtunzia muda wote ule, kwamba bomu la Tata lilifika, likaangukia migomba ya wale watu.

Aliacha kutafuna.

"Kibanja cha nani?"

"Sijui, Mae."

"Humo wamemzika nani?"

Nilimkasirikia mama yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Yeye ndiye aliyeufunga ule udongo kwa mikono yake. Nilimletea kisasi alichokiagiza, naye ananiuliza habari za mfu wa watu. Nilitema kahawa yake, nikatoka nje.

Siku hizi naye amelala palepale, kando ya Tata, na mimi ndiye ninayepalilia. Swali lake halijanitoka. Kila ninapoinama na jembe namjibu kwa sauti, hata majirani wakisikia na wasikie: wale nao, Mae, walipopita juu ya kibanja hiki, hawakuuliza kalala nani.