Mtutu Uliosuguliwa Siku ya Alhamisi

Kwenye klabu ya kulenga shabaha walimwita Mzee Brashi, na jina lilimkaa mpaka mkewe naye akawa analitumia akikasirika. Kazi yake ilikuwa kutunza bunduki ndogo tisa za mashindano, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya ofisi, chenye meza moja, kabati la chuma na harufu ya mafuta iliyokuwa ikimfuata hadi kitandani.

Ukitaka asahau chakula, muulize brashi ipi inafaa. Ya chuma hakutaka hata kuiona. "Hiyo kasugulie sufuria," alisema. Ya nailoni ilikuwa ya masizi ya kila wiki. Ya shaba aliitoa kwa nadra, pale utando wa risasi ulipokuwa umeganda ndani, na ilikuwa lazima iwe saizi ya mtutu wenyewe: iingie kwa kubana kidogo, isipwaye wala isilazimishwe. Aliiingiza kwa nyuma, asije akakwaruza mdomo wa mtutu, akaisukuma mpaka itokeze yote upande wa pili ndipo airudishe. "Ukigeuza katikati ya njia, unavunja nywele zake na unaumiza mtutu. Ukishaanza, maliza."

Lilikuwapo jambo jingine alilolijua kuliko yote. Mtutu mdogo ukishasuguliwa kwa shaba, risasi kumi au kumi na tano za mwanzo hazina adabu. Zinatangatanga mpaka ule utando mwembamba ujijenge upya. Kwa hiyo wiki ya mashindano Mzee Brashi hakugusa mtutu wowote. Sheria hiyo alimfundisha hata binti yake, kitinda mimba wake, ambaye kwa miaka minane alikuwa akilenga kwa bunduki namba sita na sasa alikuwa anasubiri mchujo wa Jumamosi. Nafasi kwenye timu ya taifa ilikuwa moja tu.

Alhamisi mwenyekiti wa klabu akaingia na wageni wawili. Akachukua bunduki ya kwanza, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea taa, akakunja uso.

"Huu ni mtutu au bomba la moshi?"

"Mwenyekiti, hizi ndogo hazitaki kusuguliwa karibu na mashindano. Zikitakata sana..."

"Mzee, uliajiriwa kusugua, hukuajiriwa kunipa mhadhara. Kesho asubuhi nitazichungulia zote tisa."

Wageni wakacheka. Mkataba wa Mzee Brashi ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mwenye kalamu alikuwa mwenyekiti. Alisubiri waondoke, akafungua droo, akatoa brashi ya shaba.

Namba sita aliiacha mwisho. Aliiweka mezani, akaenda kunawa mikono ambayo bado ilikuwa na kazi, akarudi. Angeweza kuipitishia kitambaa tu. Lakini alimsikia tena yule mtu akisema zote tisa, na mkono ukafanya. Mara kumi kwenda, mara kumi kurudi. Ijumaa mwenyekiti alichungulia mbili, akasema vizuri, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi binti alikuja kuchukua bunduki.

"Baba, hukuigusa, sivyo?"

"Nimeipangusa kwa nje tu, mama. Nenda kalenge."

Risasi zilikuwa haba, kila mlengaji akapewa mbili tu za majaribio. Kocha alikuwa na nusu boksi kabatini, ila hakuna aliyeziomba. Mzee Brashi alisimama kwenye mlango wa chumba chake, akasikia milio, akaihesabu vidoleni kama mgonjwa anayehesabu dozi. Binti alikosa kwa alama mbili. Aliyeshinda alikuja na bunduki yake mwenyewe kutoka nyumbani, ambayo mwenyekiti hakuwahi kuichungulia.

Kocha alizitandaza karatasi za shabaha mezani. Kwenye ya kwanza matundu yalikuwa yametapakaa kama tetekuwanga. Kuanzia ya pili yote yaliingia mahali pamoja, unaweza kuyafunika kwa kitufe cha shati. Akamulika mtutu wa namba sita, akaguna.

"Huu umesuguliwa. Na si zamani, ni juzi tu."

Walifika nyumbani, binti hakuketi. Alibaki amesimama sebuleni na begi begani.

"Ulijua itakuwaje?"

"Mwenyekiti aliamuru."

"Sijakuuliza mwenyekiti. Nimekuuliza wewe."

"Nilijua."

"Na asubuhi nilipokuuliza? Ungesema ukweli ningemwomba kocha zile risasi. Kumi tu, baba. Kumi!"

Mama yake akatoka jikoni kuamua ugomvi, akaona nyuso zao, akarudi alikotoka. Mzee Brashi alitafuta neno. Alilolipata lilikuwa bovu: "Niliogopa kazi."

"Basi kaa nayo."

Wiki ile ile binti alihamia kwa mama yake mdogo, na bunduki hakuishika tena. Mwenyekiti alitia saini mkataba, akaandika pembeni kwamba mtunzaji huyu ni msikivu. Mzee Brashi aliisoma sifa hiyo mara moja, akaikunja, asimwonyeshe mkewe. Aliendelea kusugua vilevile kwa uangalifu, ila watu waliacha kumuuliza habari za brashi kwa kuwa alikuwa akijibu kwa neno moja.

Miezi saba baadaye alisikia binti anauza viatu kwenye duka karibu na stendi. Akavaa shati safi, akaenda. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Binti alikuwa amepiga magoti akipanga maboksi. Alipoinua kichwa, uso wake haukubadilika.

"Karibu. Saizi ngapi, mzee?"

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. 

"Arobaini na mbili," akasema.

Binti akamletea jozi nyeusi, akamwonyesha mahali pa kukaa, kisha akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akiulizia raba za mtoto.