Maksi Tatu za Darasa Zima

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na akili zangu timamu, kwamba mwanafunzi akikata rufaa ya matokeo, chuo kinatoa mitihani ya darasa zima, kinaimwaga mezani, na maksi anazoongezewa yeye zinakatwa kwa wenzake. Ukipanda tatu, kuna mahali tatu zimeshuka. Msinicheke. Tuliamini sote, na darasa letu lilijaa watu wazima waliozoea kushuka mashimo marefu kiasi kwamba ukitulia kule chini unasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikoroga chai.

Kilikuwa chuo cha jioni, vyumba viwili vya kupanga si mbali na Kewanja, miaka ile dhahabu ilipowaita watu kutoka kila mkoa. Mimi nilitoka Busawe, nikawaacha wazazi na mtama wao. Mchana tulichimba, jioni tulinawa vumbi tukaingia darasani kusomea cheti cha utunzaji wa stoo. Dawati langu lilikuwa la watu wawili. Mwenzangu alikuwa Mnyaturu wa Singida, mtu mpole ambaye hata nzi alimwomba radhi kabla ya kumfukuza. Mwaka mzima tuligawana kalamu, mahindi ya kuchoma na taulo moja.

Matokeo yalibandikwa Jumamosi asubuhi. Somo la Takwimu, mimi thelathini na saba. Kufaulu ni arobaini. Mwenzangu alikuwa na arobaini kamili, haikuzidi hata nukta.

Nilijua kilichonipata. Swali la mwisho nililijibia kwenye karatasi ya nyongeza, nikaifunga kwa uzi uliolegea. Bila shaka ilidondoka njiani, na ndani yake kulikuwa na majibu mazuri ambayo yangemliza mwalimu.

"Nakata rufaa," nikasema.

Watu wote pale ubaoni wakaacha kutafuta majina yao. Kisha jamaa mmoja aliyefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akanigeukia.

"Kata, bwana. Kata utumalize."

"Nawamaliza vipi?"

"Maksi za kukuongezea zinatoka wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Na mwalimu anazichimba wapi? Zinatoka kwetu! Hilo ni fungu, ndugu yangu."

Hapo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Kwetu machimboni mawe ya shimo moja tuligawana kwa mafungu. Mmoja akilalamika kwamba lake ni dogo, mafungu yote yanarudishwa kwenye turubai, yanachanganywa, yanagawiwa upya. Ukiondoka na zaidi, kuna mwenzako ameondoka na pungufu, na sura yake utaiona kesho yake kule shimoni. Kwa nini chuo kiwe tofauti?

Mwenzangu alisimama kando yangu. Alikuwa anaitazama ile arobaini yake kama mtu anayetazama yai kwenye ukingo wa meza. Kwao Singida alishaahidiwa kazi ya stoo, mradi afike na cheti. Tatu zangu zikitoka kwake, anabaki na thelathini na saba, na shimo linamngoja.

"Basi," nikasema. "Nitarudia somo."

"Mwanaume huyo!" wakashangilia. Nilipigwa mabega mpaka nikahisi nimefupika. Mchanga uliokwisha kuoshwa ukasubiri kuoshwa tena sisi tunauita marudio, na kabla ya saa sita mchana hilo ndilo lilikuwa jina langu.

Masharti ya kurudia hayakuwa na huruma. Unahudhuria somo lote upya mwaka unaofuata, na hata ukipata mia, cheti kitaandika C.

Mwenzangu aliondoka na lori la mahindi. Aliniachia taulo. Mmoja mmoja na wengine wakatawanyika, huyu Geita, yule Shinyanga, mwingine ng'ambo ya Sirari kwa shemeji zake.

Siku ya kwanza ya kurudia niliingia darasani, na wageni wote wakasimama.

"Shikamoo mwalimu!"

Nikaitikia marahaba, maana ningefanyaje, kisha nikapita katikati yao hadi nyuma kwenye dawati letu. Kicheko chao kilisikika Musoma. Mimi nilicheka kuwashinda. Lakini hakuna aliyekuja kukaa upande wa pili wa dawati, na mwaka mzima nikawa naiweka kalamu katikati, mahali ambapo mtu wa pili angeifikia. Nilinunua hindi la kuchoma, nikalivunja vipande viwili, nikala vyote.

Siku moja nilimpigia simu mwenzangu kule Singida.

"Bado unarudia tu?" akauliza, akicheka.

"Naipenda Takwimu," nikamjibu. Nyuma yake nilisikia watu wengi, na vyombo. Akasema atanipigia. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikapata joto kama kiazi.

Nilipata themanini na moja. Nilipokwenda kuchukua cheti chenye C yake, nilimkuta dada mmoja mbele ya dirisha la karani akijaza fomu ya rufaa. Uzalendo ukanipanda.

"Dada, fikiria vizuri. Kuna wenzako utawashusha."

Karani, mama mtu mzima mwenye miwani, akainua kichwa.

"Wewe mura, kijana wangu, umesema nini?"

"Shikamoo, mama. Nasema hizo maksi si zinakatwa kwa wengine? Mimi mwenyewe karatasi yangu ya nyongeza ilidondoka, nikaacha kudai kwa ajili ya mwenzangu."

"Marahaba." Alivua miwani. Kisha akaigeuza ile fomu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Rufaa inaangalia karatasi yako peke yako. Za wenzako hazitoki hata kabatini. Ungekuja ndani ya siku kumi na nne, tungeitafuta hiyo ya nyongeza, na huyo mwenzako angebaki na maksi zake zile zile."