Risasi ya Karibu, Risasi ya Mbali: Nilichokifuata Kigali

Niliondoka Ngara kwa sababu ya kuro dume mmoja aliyekataa kufa. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1990, na kijiji chetu kando ya mto Ruvubu kilikuwa kimenipa kazi ya kulinda mahindi ya bondeni kwa bunduki yangu, ile ambayo wawindaji huiita thati-o-siksi. Kuro ni swala mkubwa mwenye duara jeupe matakoni. Huyu nilimpiga begani akiwa karibu, mwendo wa kurusha jiwe. Akapiga magoti, akainuka, akapotelea kwenye matete. Tulimfuata kwa damu mpaka jua likawa utosini, ndipo tukamkuta na kummaliza. Nilipomchuna nikaona ajabu. Begani palikuwa na jeraha pana kama sahani, lakini nyuma ya mfupa hapakuwa na kitu. Risasi ilikuwa imesambaratika kabla ya kufika moyoni.

Hakuwa wa kwanza kunifanyia hivyo. Halmashauri ya kijiji ikaketi, na mwenyekiti wetu, bwana Kabuye, akasema bila kunung'unika: "Sebastiani, mnyama mwenye jeraha ni hatari kuliko mwizi wa mahindi. Utafute dawa. Usipoipata, tutaomba mwindaji mwingine wilayani."

Wengine walinong'ona kwamba mkono wangu umezeeka. Mimi nilijua haujazeeka, kwa kuwa kwa bunduki hiyohiyo na risasi hizohizo nilikuwa nimewaangusha kuro ng'ambo ya bonde, mbali kabisa, kwa mlio mmoja. Risasi inayoua mbali inashindwaje karibu? Mke wangu, Anatolia, ndiye aliyesema: "Si uende kwa shemeji Idi, Kigali? Aliyemwoa binti wa baba yangu mdogo. Kazi yake ni kuongoza wawindaji, na risasi anazipakia baruti mwenyewe." Nikafunga vipande vya ile risasi katika leso, bunduki nikaiacha nyumbani kwa kufuata sheria, nikashuka barabarani.

Rusumo, asubuhi. Nilipata nafasi katika lori la chumvi lililokuwa likienda Kigali, na dereva wake, Chande, alikuwa mtu wa Tanga mwenye maneno mengi. Tulivuka daraja huku maporomoko yakinguruma chini yetu na manyunyu yakilowesha kioo. Ng'ambo, Chande akahamisha lori upande wa kulia wa barabara. "Huku kila kitu ni kinyume," akacheka, "ila wali ni uleule." Kwangu haikuwa ugeni mkubwa, maana Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu. Tulipita Kibungo, tukala mihogo na maharage Kayonza, na mchana ukielekea kuisha tukaanza kuiona Kigali, nyumba zimepangana juu ya vilima kama watazamaji wa mpira.

Nyamirambo, jioni. Idi alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Ni mtu wa umri wangu, mfupi, mwenye sauti ya kuuza mnadani. Babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani akaoa huku, ndiyo maana Kiswahili nyumbani mwake hakikauki. Mkewe, Zuhura, alituletea ndizi na nyama ya mbuzi, akauliza habari za ndugu zake mmoja mmoja. Nilipofungua leso, Idi aliacha kula.

"Ulimpiga kwa umbali gani?"

"Karibu sana. Niliona kope zake."

"Na risasi ni zile nyepesi, za kasi kubwa?"

"Ndizo. Duka zima la Mwanza linazisifu."

Akageuza vipande kwa kidole. "Shemeji, usikasirike. Mtu akikosa husingizia risasi. Lakini hizi zako zimechanika vibaya. Dawa yake ni moja tu: nzito, yenye koti nene la shaba, kama ya kupigia nyati. Mimi kwa wanyama wote natumia hiyo."

"Kwa nini hizi zangu zinaua vizuri mbali?"

Akanitazama. "Hilo sijui," akasema. "Tutakwenda kuzipiga tuone."

Kesho yake tulikusanya magazeti ya zamani, tukayaloweka katika pipa mpaka yakawa mazito kama nyama, tukayafunga mafungu kwa kamba. Mwenye bucha jirani alitupatia mifupa ya bega la ng'ombe. Zuhura alipoona pipa lake la kufulia limejaa karatasi alisema: "Nyinyi wawili mngekuwa watoto ningewachapa."

Gahanga, siku iliyofuata. Idi alikuwa amempelekea habari konseye wa pale, kiongozi wa eneo, na kibali chake cha kuwinda kilikuwa mfukoni. Tuliegesha pikapu yake kwenye shimo kubwa la udongo wa matofali, lenye ukuta mrefu wa ardhi nyuma. Kusini bonde la mafunjo lilikuwa limelala kijani kuelekea Bugesera. Tulisimamisha fungu la karatasi, mfupa mbele yake, na Idi akanikabidhi bunduki yake, nayo thati-o-siksi.

Nilianza na risasi nyepesi ya kasi, ambayo Idi aliachiwa na wageni wake, kwa karibu. Fungu liliruka. Mbele palikuwa pamefumuka tundu la kuingiza kichwa cha mtoto, lakini tulipofunua kurasa, baada ya shibiri moja hapakuwa na alama. Tulikuta chembe za shaba tu.

"Basi," Idi akasema, akanishika bega. "Mkono wako hauna neno, shemeji. Nisamehe."

Nilifarijika. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeutazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine.

Ikafuata risasi yake ya nyati, kwa karibu vilevile. Ilivunja mfupa, ikachimba karibu fungu zima, tukaiokota ndani imetanuka kama uyoga. Idi alicheza dansi kidogo. "Nilikwambia!"

"Twende mbali sasa," nikasema.

Tulirudi nyuma hadi ukingo wa pili, mbali hata fungu likaonekana dogo kama kiberiti. Safari hii ile nyepesi iliingia, ikatanuka bila kupasuka, ikakaa katikati ya karatasi, nzuri kama pambo. Ya nyati ilitoboa ikatokea nyuma, na tundu la kutokea lilikuwa jembamba sawa na la kuingilia. Haikuwa imefunguka hata kidogo. Idi aliinama akalitazama tundu lile muda mrefu. Alikuwa amezitumia risasi hizo miaka na miaka.

"Kasi," akasema hatimaye, taratibu. "Kinachoifungua risasi ni kasi. Karibu, kasi ni kubwa mno, koti jembamba linachanika. Mbali, kasi imepungua, koti nene halisikii kitu."

"Huna nzito yenye koti la kawaida, pua laini isiyofunikwa?"

Akakuna kichwa, akapanda kwenye pikapu, akapekua sanduku mpaka chini. Zilikuwapo chache, zimeanza kufifia rangi. Tulizipiga karibu, zikavunja mfupa zikaenda ndani. Tulizipiga mbali, zikatanuka. Tulikumbatiana shimoni, tumejaa vumbi jekundu, kila mmoja akisema kwa sauti ya juu jambo ambalo mwenzake alikwisha kulisema.

Milio ilimleta mama mmoja mkulima, Mama Vestine, jembe begani. "Bwana, kumbe nyinyi iko na bunduki!" akasema. "Huku iko impongo moja, inakura maharage yangu yote. Kira jioni inakuja." Impongo ni pongo, yule kulungu wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni. Idi akanigeukia. "Kibali kinaruhusu, na wewe ni mgeni wangu. Piga wewe."

Jua liliposhuka nilitia bundukini ile nzito ya pua laini, tukalala kifudifudi kando ya maharage, macho yetu kwenye mafunjo ya mbali, tukitegemea atokee huko. Mama Vestine alikuwa nyuma yetu. Ghafla akanigusa kisigino. Dume lilikuwa limetokea kichakani ubavuni petu, karibu sana, limesimama mshazari, bega lote la mfupa mbele. Ndiyo picha ileile iliyonishinda nyumbani. Niligeuza mtutu polepole, nikavuta pumzi, nikaachia nusu, nikapiga.

Pongo aliruka mara moja, akatembea hatua chache kama mlevi, akaanguka ndani ya maharage. Idi alikuwa tayari anakimbia, kisu mkononi, bismillahi mdomoni. Alifika, akasimama, akageuka na uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Amekufa! Sikuwahi kumchinja!" akapiga kelele. "Shemeji, umeniua mimi kwa njaa!"

Mama Vestine alipiga vigelegele, ambavyo wao huviita impundu, na kutoka kila upande wa kilima vikaitikiwa. Nyama ilibaki Gahanga, kwa majirani zake. Sisi tulirudi Nyamirambo bila hata mnofu, tukiimba, na Zuhura akatupatia ugali na dagaa bila kuuliza lolote.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Risasi za Idi sikuvuka nazo mpaka. Nilipitiliza hadi Mwanza, na kwenye duka lilelile nikakuta nzito za pua laini zimekaa rafuni bila mnunuzi, kila mtu akitaka za kasi. Muuzaji alishangaa. Nilimweleza kwa kirefu, na kabla sijatoka wateja wawili walikuwa wameziomba.

Bondeni kwetu, alfajiri, bwana Kabuye na nusu ya halmashauri walikaa nyuma yangu kwenye tuta. Kuro wawili walikuwa ndani ya mahindi. Wa kwanza alikuwa karibu. Nilimpiga begani akaanguka palepale alipokuwa anatafuna. Wa pili alikimbia, akasimama mbali juu ya mteremko kugeuka kutazama, kama wafanyavyo. Nikampiga naye. Akalala.

Kabuye akaja, akaushika mkono wangu wa kulia, akauinua juu mbele ya watu wote.

Nimejifunza kwamba hakuna risasi bora ya peke yake. Risasi hutengenezwa ifunguke kwa kasi fulani, na kasi hiyo hupungua kwa kila hatua inayokwenda. Kazi ya mwindaji ni kujua mnyama wake yuko wapi na ana mifupa ya aina gani, kabla hajagusa kifyatulio. Nimeyapeleka hayo vijiji vitatu sasa, na kila ninapomaliza kusema, nyama ya mnyama niliyemwangusha huwa imeiva.