Kicheko Kilichopunguza Laini

Nakumbuka asubuhi ile ya uteuzi wa chama, nilipovaa wigi la shangazi, nikajipaka unga usoni, nikawachekesha watu hadi nikafanya tufukuzwe Kibera. Hakuna aliyenituma, hata peremende sikupewa. Mwanangu, usishangae nikikuita mwanangu nami ningali kidato cha tatu. Upo ujinga unaomzeesha mtu kwa siku moja.

Mwaka huo Mama Perpetua alikuwa amerudi. Zamani alifundisha Kambi Muru, mtaani kwetu kule Kibera, akaenda Uholanzi kusoma, na wazungu wa mji mmoja huko wakamchagua awe diwani wao. Sasa alitaka ubunge wa kwetu. Mamangu alimpenda kwa kuwa alisema hadharani kwamba mpangaji si mbuzi, hafukuzwi kwa fimbo. Landilodi wetu alimchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Kura haikuwa ya siri. Ilikuwa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya unayemtaka, kila jicho likikuona, kisha mnahesabiwa. Laini ya Mama Perpetua ilipinda ikaelekea mtaa wa pili wa Olympic. Landilodi alisimama mbele kwenye laini ya mpinzani, akitazama tu. Katika umati ule angemtambua nani?

Ndipo nikatokea, nikiongea kwa pua kama Mama Perpetua: "Ndugu zanguni! Kule kwetu Ulaya hata kuku hupiga hodi. Mkinichagua, kila choo kitawekwa kengele!"

"Choo gani, wewe?" akadakia muuza makaa. "Leta choo kwanza, kengele tutajinunulia!"

Uwanja ukaangua kicheko. Nikanogewa. Nikaiga mwendo wake, nikaiga miwani yake.

"Mathe, toka huko, unachekwa!" vijana wakawapigia kelele akina mama waliokuwa kwenye laini yake.

Watu wakaanza kutoka kwenye laini hiyo, mmoja mmoja, wakijifanya wanaenda kununua maji, kisha wakaibukia laini ya pili. Mtu huweza kuvumilia kutishwa, mwanangu, lakini kuchekwa humshinda. Nilipoishiwa na mzaha walikuwa wamebaki wanawake wachache, kila mmoja anajulikana kwa jina na kwa mlango wake. Mamangu alikuwa kati yao. Landilodi akawatazama bila haraka.

Kesho yake alikuja na vijana wake, wakang'oa mabati ya paa letu, mvua inanyesha, mama ameketi kitandani na sufuria zake mapajani. Mama Perpetua alishindwa, akarudi Uholanzi. Nasikia wamemchagua tena. Sisi tulihamia mtaa wa Kawangware, kituo cha 56, nyuma ya saluni ya shangazi.

Mzaha mzaha, walisema wazee, hutumbuka usaha. Mimi naongeza hivi: kabla hujauchekesha umati, angalia ni nani atakayeachwa amesimama peke yake kicheko kikiisha. Mungu akupe ulimi mtamu, na siku utakapotaka kuutumia vibaya, akunyime wasikilizaji.

Jioni ile ya kung'olewa mabati nilimwomba mama msamaha. Alikuwa akikamua maji kwenye godoro, hakugeuka.

"Hata mimi nilicheka, Ochieng. Ulichekesha kweli. Lakini sikutoka kwa laini."