Jicho Nililolifunika

Binti yangu alikuwa na makengeza tangu akinyonya. Jicho la kushoto lilikimbilia puani, la kulia likikutazama sawasawa. Mimi nina kibanda cha chai na mandazi sokoni Rangwe, na alipofika miaka minne wateja walianza kumpa mgongo wakila.

"Mama, huyu mtoto yako iko na sihoho," mwanamke mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniambia, akificha andazi lake kwa kiganja. "Akiniangalia nikikula, tumbo inanikata mpaka asubuhi."

Sihoho kwetu ni jicho baya: likitazama chakula, mlaji anaugua. Nilimwambia akanywe chai kwa mumewe. Nina mdomo, najijua. Lakini siku hiyo mandazi yalilala, na kesho yake pia.

Kwenye kliniki ya macho Homa Bay, daktari alinipa pakiti ya plasta. Jicho lililopinda lilikuwa limeanza kuzembea, alisema, na ubongo ulikuwa unalisahau.

"Funika hii nzuri masaa kadhaa kila siku, ndio hii ingine ilazimike kufanya kazi. Operesheni itanyoosha tu. Kuona ni kazi yako, mama."

Nilielewa. Siwezi kujifanya sikuelewa. Siku mbili nilifunika la kulia. Mtoto alijikwaa kwenye jiko akalia, na lile la kushoto likabaki wazi mbele ya wateja. Siku ya tatu nikahamisha plasta, nikafunika lililopinda. Watu wakala. Nilijiambia ni siku za soko tu, kisha nikaongeza Jumapili kwa sababu ya kanisa, kisha nikaacha kujiambia chochote.

Mwaka ukapita, na zaidi. Ikawa kila asubuhi ananiletea plasta mwenyewe, ameinua uso, amefumba lile la kushoto tayari. Nilihofu, na nikabandika.

Baba yake, aliyekuwa machimboni Osiri, alipiga simu siku ya operesheni kuuliza kama jicho litanyooka. Hakuuliza lingine. Daktari alimpima mtoto tena kabla ya kumlaza. Alipoziba jicho la kulia kwa kadi, binti yangu aliusukuma ule mkono kwa nguvu zake zote akipiga mayowe. Daktari alinigeukia.

"Mama, umekuwa ukifunika?"

"Kila siku, daktari."

Sikudanganya; sikusema tu ni jicho lipi. Nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, huko ndani wakikata na kushona misuli ya jicho ambalo mimi nilishalizima kwa mikono yangu. Sikuweza hata kuomba.

Alitoka jicho likiwa jekundu kama nyama, lakini limenyooka. Baada ya wiki kadhaa wekundu ulipoisha, yule muuza omena alimshika kidevu. "Sasa umekuwa msichana mrembo!" akasema, akala andazi mbele yake bila wasiwasi. Kibanda kizima kilicheka. Mimi nilitaka kulia.

Daktari alikuwa amenipa pakiti nyingine, akisema bado kuna nafasi kidogo, bila kuniahidi kitu. Siku hiyo nilifunga kibanda mapema, nikamkalisha nyumbani, nikafunika la kulia. Alitulia, mikono magotini, uso ukinitafuta mahali ambapo sikuwa.

"Mama," akasema, "umekosea. Umefunika ile yenye inaona."