Hatua Hamsini na Nne za Didas

Didas Rwegasira alikuwa na miaka thelathini na minne, shahada mbili za uhandisi, na ya tatu ilikuwa ikimtoa jasho katika chuo kikuu kimoja cha Guangzhou, ambako kazi yake ilikuwa kupima jinsi zege linavyopasuka. Lakini ukimuuliza mwenyewe, zege lilikuwa la kumpatia ugali tu. Kipaji chake hasa kilikuwa kupanga watu wacheze. Kwa miaka sita aliwapanga wanakwaya wa kigango chao kule Muleba: kushoto mbili, kulia mbili, mikono juu. Sikukuu moja hata paroko alitikisa bega. Bega hilo moja Didas alisafiri nalo hadi Uchina, akawa analihadithia kila apatapo nafasi.

Kwa hiyo Sia alipomwambia, wakila wali na kuku katika mgahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng, kwamba amejiandikisha kwenye mashindano ya watu wazima ya kuteleza kwenye barafu na hana wa kumpangia hatua, Didas hakusubiri kuombwa. Sia alikuwa binti wa Marangu, mwanafunzi wa famasia. Mwaka wa tatu sasa, kila Jumamosi alikwenda kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya jengo la maduka, akajifunza kuzunguka papo kwa papo na kuruka miruko miwili midogo. Alitaka rafiki wa kumsaidia kusikiliza muziki tu. Akapata mtaalamu.

"Kaka Didas, umewahi kukanyaga barafu?" Sia aliuliza.

"Hapana. Lakini nimeshika kwaya ya watu arobaini. Wewe uko mmoja."

Alitunga kwa siku nne kwenye korido ya bweni, akiwa na soksi, huku majirani wakifungua milango na kuifunga tena taratibu. Muziki ulikuwa wa kinanda, dakika mbili na ushee. Didas aliandika hatua hamsini na nne, kila moja na mshale wake. Hakuacha pigo hata moja lipite bila kazi, kama mwenyeji anayeogopa mgeni akae na kikombe kitupu.

Jumamosi ilipofika, nje joto lilikuwa la kuyeyusha lami, naye Didas akaja na kandambili. Ndani ya uwanja wa barafu vidole vilimfa ganzi kabla hajafungua daftari. Muziki ukaanza, Sia akajisukuma mara moja, na alipokuwa akijiandaa kwa hatua ya tatu tayari alikuwa amefika upande wa pili wa uwanja. Didas alimwita, akamtaka apunguze mwendo. Sia akamweleza kwamba akipunguza anaanguka. Akajaribu hata hivyo, mikono ikipiga huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki, na kweli akaanguka.

Kocha wake, mama mmoja aitwaye Liang, mwenye umri unaokaribia sitini, alikuwa ameegemea uzio na chupa yake ya chai. Alimwita Didas laoshi, yaani mwalimu, na Didas hakujua kama ni heshima au dhihaka. Kisha akauliza swali, Sia akatafsiri: katika yote haya, nikifika nyumbani nikumbuke nini?

Didas akajibu kwamba akumbuke yote.

Mama Liang alitikisa kichwa kwa adabu, akaenda kumkodishia viatu vya barafu, namba arobaini na nne.

Nusu saa iliyofuata Didas aliitumia akiwa amekumbatia sanamu ya plastiki ya sili, yule mnyama wa baharini, ambayo watoto wanaoanza huishikilia wasianguke. Alianguka mbele, akaanguka nyuma, akapitwa na binti wa miaka mitano aliyemwangalia kwa huruma. Lakini mara moja, kwa bahati, alijisukuma vizuri, na mwili ukaenda wenyewe. Akaegemea kidogo kushoto, ukachora kona pana bila yeye kufanya lolote. Muda ulikuwa mwingi ajabu. Ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amejaza mizigo juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kinacheza.

Akaketi benchini, suruali imelowa, akamtazama Sia akipasha mwili. Akaona kabla ya kila mzunguko anageuka kutazama nyuma ya bega, kama aliyeitwa. Alipomuuliza, Sia alisema anaogopa kugonga watu.

"Basi libaki hivyo hivyo," Didas akamwambia. "Hilo ndilo la kukumbuka."

Wakaanza upya. Atazame nyuma mwanzoni, atazame tena kabla ya mruko wa pili ili mruko uwe kama jibu, na mwishoni asitazame kabisa. Mama Liang akawaonyesha kwamba mkono huanzia mgongoni, na kwamba si lazima kila kitu kifanyike mbele ya majaji, pembe za mbali nazo ni za uwanja. Zikabaki hatua kumi na tisa. Nyingi Didas alizifuta mwenyewe bila kuumia. Ila kipande kimoja hakuweza: kushoto mbili, kulia mbili, mikono juu. Alikiweka karibu na mwisho, akakiita moyo wa kazi. Mama Liang alikunja uso. Sia akainama kukaza kamba za viatu.

Siku ya mashindano wanawake walikuwa wanane. Sia alitazama nyuma, na ukumbi ukatulia. Akatazama tena, akaruka, akatua. Ulipofika moyo wa kazi, hakwenda kushoto wala kulia. Alisimama kwa mguu mmoja, mikono nusu wazi, akachora tao moja refu kuzunguka mwisho wote wa uwanja, bila kugeuka. Kando ya uzio, Didas peke yake alipiga kushoto mbili, kulia mbili, na watu wa jirani wakampisha.

Sia alishika nafasi ya nne. Jaji mmoja akaja kuwapongeza, hasa kwa lile tao, akauliza ni wazo la nani. Kabla akili haijafika, Didas alijikuta ameshainamisha kichwa kupokea sifa.

Kwenye metro alimuuliza Sia kama alikisahau kile kipande.

"Sikusahau, kaka. Nilikitoa tangu Jumanne. Nilishindwa tu kukuambia."

Didas akacheka mpaka mzee wa Kichina aliyeketi mbele yake akatabasamu bila kujua kisa. Akamuuliza Sia mwakani wafanyeje.

"Uanze kwa kuniangalia," Sia alisema. "Halafu ndiyo uandike."

Wiki iliyofuata Didas alinunua glavu na pedi za magoti, akajiandikisha darasa la wanaoanza, Jumamosi saa tatu asubuhi. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na ndevu.