Mama Gervais na Hoteli ya Inzara

Mwaka 1996 Laurence, fundi cherehani wa Kawajense, mjini Mpanda, ambaye wateja walimwita Mama Gervais, alicheka mahali pasipo na kichekesho. Jirani yake Kasilda, muuza magazeti, alikuwa ndiyo kwanza amefungua gazeti la katuni lililoshuka na treni, anamsomea huku mwenzake anapiga pindo la suruali.

"Unacheka nini? Sijafika hata panapochekesha."

Mama Gervais alimwonyesha kibao kidogo nyuma ya kichwa cha mlevi aliyechorwa: INZARA HOTELI, KARIBUNI.

"Si jina la hoteli tu?"

"Kirundi hicho. Inzara ni njaa. Watu wanakaribishwa Hoteli ya Njaa."

Kasilda alicheka mpaka akashika mbavu. Wakarudi ukurasa wa kwanza, wakapekua picha moja moja, pua zinagusa karatasi. Wakalikuta basi la NTIGENDA, yaani haliendi, na kweli kila picha limesimama palepale. Wakamkuta Daktari Rupfu. Hapo Mama Gervais alihema kwanza ndipo akatafsiri: rupfu ni kifo, na mgonjwa mlangoni anatabasamu. Suruali ikashonwa miguu yote miwili pamoja. Mzee Kasimiri, mwenye suruali, alikuja juu. Wakamwonyesha lile basi, akavuta kigoda akae.

Tangu hapo kila gazeti lilipofika, kibaraza kilijaa. Miaka yote Mama Gervais alikuwa akikificha Kirundi chake sokoni, asije akaitwa mkimbizi. Sasa watu walimwita toka ng'ambo ya barabara: "Mama Gervais, hili nalo la kwenu?" Naye anaacha mkasi anakwenda mbio, kanga inamponyoka.

Akamwandikia mchoraji kule Dar es Salaam, kwa Kirundi, akimtajia vibao kumi na saba alivyovikamata.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, likiwa na sahihi ya mchoraji mwenyewe, Siméon. Kasilda alilipokea posta, akalisoma kwa sauti pale kibarazani, maana liliandikwa kwa Kiswahili:

"Mama, nimefurahi mno. Umeviona vyote isipokuwa kimoja. Ila nakuomba sana, hii iwe siri yetu wawili. Mhariri wangu hajui, na ndugu yake yuko Mpanda."

Watu kumi na wawili wakatazamana.

"Ndugu wa mhariri ni nani?" Kasilda aliuliza.

Mzee Kasimiri alikohoa, akanyoosha mkono. "Mimi simwambii," alisema. "Lakini hicho kimoja mlichokikosa, nakitafuta leo hii."